Pumzi ya Tatu

Mwanzoni Sindano alidhani kapteni ana mafua. Walikuwa wameshayapita mawingu, jua la saa nne asubuhi limejaa chumba kizima cha marubani, na ndani ya hedifoni yake akawa anasikia mtu anapumua kwa shida. Pumzi fupi fupi, zenye kamlio kembamba mwishoni, kama mtu anayepuliza filimbi iliyoziba.

"Kapteni, tafuta dawa," alisema. "Kifua hicho abiria watakisikia mpaka viti vya nyuma."

Kapteni alikuwa anakunywa maji. Chupa ameiinua, koo linapanda na kushuka, na hakuna binadamu anayeweza kumeza maji na kupumua kwa wakati mmoja. Lakini ile pumzi iliendelea. Sindano akabana ya kwake. Ikaendelea.

Kazini kapteni walimwita Taratibu. Miaka ishirini na miwili angani, hakuwahi kutua kwa kishindo. Wenzake walisema nyumba yake ikishika moto atasoma kwanza maelekezo kwenye mtungi wa kuzimia moto. Sindano, rubani msaidizi wake, alipewa jina lake kwa wembamba, na pia kwa ulimi. Walikuwa wamerushana maneno na kurusha ndege pamoja kwa miaka mitatu, na alimpenda kama mtu anavyompenda mjomba wake mkimya.

Miezi saba nyuma, Taratibu alifiwa na binti yake wa pekee. Mtoto alikuwa na miaka sita. Alipewa jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo baba mtu hakuwahi kulitamka, alimwita "mama." Mama amekula? Mama amelala? Homa ya mapafu ilimchukua kwa siku mbili. Asubuhi ya siku ya pili daktari alisema anaendelea vizuri, baba akambusu paji la uso, akaenda kazini. Saa saba mchana mtoto akaanza kuhema. Akauliza, "Baba yuko wapi?" Mama yake akamwonyesha dari ya wodi. "Yuko juu, mwanangu. Anakuja sasa hivi." Mtoto akatazama juu. Akaendelea kutazama juu mpaka muuguzi alipokuja kumfumba macho.

Taratibu alikaa nyumbani mwezi mmoja, kisha akarudi kazini akiwa yule yule: shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, sauti haipandi. Kitu kimoja tu kilibadilika, na Sindano peke yake ndiye aliyekiona. Alipenda kupanda. Kila safari aliwaomba waongoza ndege futi elfu mbili zaidi. "Juu kuna hewa tulivu," alikuwa akisema. Si kosa. Hakuna mtu anayeandikiwa barua ya onyo kwa kupenda hewa tulivu.

Sasa Taratibu alishusha chupa. Hakugeuka.

"Unamsikia?" aliuliza, chini kwa chini.

"Namsikia nani?"

"Niambie ukweli, binti yangu. Usinionee huruma."

Sindano akaibana hedifoni sikioni. "Nasikia mtu anapumua."

Uso wa mzee ukalegea, kama wa mtu aliyetuliwa gunia kichwani. "Nilidhani ni wazimu wangu," alisema. "Kumbe yupo kweli."

"Nani yupo, kapteni?"

"Mama."

Hapo ndipo Sindano alipoisikia harufu. Chumba cha marubani hunuka plastiki na kahawa iliyopoa, basi. Lakini sasa kulikuwa na harufu ya dawa ya kikohozi, ile tamu ya watoto, na chini yake harufu ya nywele za mtoto mwenye homa, nywele zilizolowa jasho kwenye mto.

"Kila safari anakuwa juu kidogo," Taratibu alisema. "Nikifika, anasogea. Leo yuko karibu sana. Hajawahi kuwa karibu hivi."

"Kapteni, naomba niendeshe mimi. Wewe pumzika kidogo. Nitamwita Shangazi akuletee chai." Shangazi alikuwa mkuu wa wahudumu, mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye hata marubani walimwogopa.

"Wazo zuri," Taratibu alisema kwa upole. Halafu akabonyeza redio, na kwa sauti ile ile ya kila siku akaomba ruhusa ya kupanda mpaka futi elfu thelathini na tisa. Mwongoza ndege akampa bila swali. Kidole cha Taratibu kikazungusha tarakimu, na ndege ikainua pua.

"Hatuwezi!" Sindano alisema. "Tumejaa mafuta, tumejaa watu. Kompyuta inasema mwisho wetu ni thelathini na saba!"

"Dakika mbili tu. Nimwone, tushuke."

Huko juu hewa ni nyembamba. Ndege nzito inahitaji kasi ili mbawa zipate cha kushika. Kasi ikipungua pua inanyanyuka, pua ikizidi kunyanyuka mbawa zinaachia, na chuma chote kile kinakuwa jiwe lililotupwa. Rubani hufundishwa hili mapema kabisa: ukiona dalili, sukuma usukani mbele, shusha pua, rudi chini penye hewa, hata kama moyo wako wote unakwambia vuta.

Wakapita thelathini na saba. Injini zilikuwa zimefika mwisho wa nguvu zake, na bado tarakimu za kasi zilikuwa zinashuka, moja moja, kama mtu anayeteremka ngazi bila viatu. Sindano alinyoosha mkono azungushe tarakimu kurudi chini, akaifikia swichi, akaishika, na wakati huo huo ile pumzi ikaondoka upande wa kapteni ikaja kwenye sikio lake yeye, ikahema mara mbili kwa taabu, na sauti ya mtoto, tamu, yenye adabu, ikamwambia, "Dada, mwache baba yangu aje," na vidole vyake vikaganda pale pale juu ya swichi, akawa anaviona ni vyake na haviwezi, huku jasho jembamba likimtiririka mgongoni na tarakimu zikiendelea kuteremka na jua likiwaka juu ya kila kitu kana kwamba hakuna lolote linalotokea.

Halafu usukani ukaanza kutetemeka.

Haukutetemeka kwa mkono wa mtu. Hilo ndilo onyo la ndege yenyewe, linalong'ong'a kama debe lenye nyuki, na mlio mwingine mkali ukafuata kuwaambia kwamba mitambo imeachia uendeshaji, sasa ni juu yao. Sakafu ikaanza kugonga. Na Taratibu, mtu aliyewafundisha vijana zaidi ya mia moja kusukuma, akaushika usukani kwa mikono miwili akauvuta kifuani.

"Nachukua mimi!" Sindano alipiga kelele, ganzi imemtoka. "Kapteni, achia!"

"Yupo karibu! Yupo pale!"

Sukani mbili za ndege ile zilikuwa zimeunganishwa. Anachofanya mmoja mwenzake anakihisi. Sindano akasukuma kwa uzito wake wote, uzito usiofika kilo hamsini, na mzee akavuta kwa nguvu za mtu ambaye miezi saba hajamkumbatia mwanawe, na katika hedifoni zote mbili sauti ikawa inasema, "Kidogo tu, baba, nyoosha mkono, kidogo tu," na bawa la kushoto likaanza kuzama, na pua ilikuwa bado juu, inatazama buluu iliyokolea mpaka karibu na weusi, mahali ambapo hakuna kiumbe anayeweza kuvuta pumzi.

Sindano akaachia mkono mmoja. Akaukamata utepe wa hedifoni ya kapteni, akaing'oa kichwani, akaitupa nyuma.

Na Taratibu akausikia upande wa pili wa mlango. Watu mia moja hamsini na wawili walikuwa wanapiga mayowe. Vyombo vilikuwa vinavunjika, Shangazi alikuwa anaita "Kaeni! Fungeni mikanda!" na juu ya yote hayo watoto walikuwa wanalia. Watoto wa watu. Mmoja alikuwa anaita "Baba! Baba!" kwa woga mtupu, sauti imekatika, na kumbe baba yake yuko pale pale kiti cha jirani na hana la kumfanyia.

Mzee akatazama mikono yake. Akaona inachofanya.

"Baba," ile sauti ikasema, na safari hii haikuhitaji hedifoni. Ilikuwa nyuma ya sikio lake, na pumzi yake ilikuwa baridi. "Baba, unaniacha tena?"

Taratibu akatoa sauti ambayo Sindano hakuwahi kuisikia kwa mwanamume mzima. Kisha akausukuma usukani mbele.

Pua ikaanguka. Mikanda ikawakata mabega, kalamu na karatasi zikaruka darini, ardhi ikajaa kioo kizima. Walisukuma pamoja, wakalinyoosha bawa, wakaiacha ndege ishuke mpaka mbawa ziliposhika tena hewa na mtetemo ukakoma, na taratibu, kwa mkono uliokuwa unajua kazi yake kuliko mwenye nao, Taratibu akaiinua pua ikae sawa. Walikuwa wamepoteza futi elfu sita. Mwongoza ndege alikuwa anaita redioni, anaita tena. Sindano ndiye aliyemjibu, kwa sababu kapteni alikuwa analia na hajifuti.

Hakufa mtu. Shangazi alivunjika mkono, wengine walipasuka vichwa na kushonwa. Kwenye kamati ya uchunguzi Taratibu alisimama akasema alipanda kwa kosa lake mwenyewe, akavua beji yake akaiweka mezani kabla hajaulizwa. Hakutaja sauti. Sindano alimsubiri kwenye korido.

"Mimi nimeandika nilichosikia," alimwambia.

"Watakuona mwehu, binti yangu. Wewe bado una miaka ya kuruka."

"Basi watuone wehu wawili."

Mzee akamshika kichwani kama mtu anayempa baraka mtoto wake, akaenda nyumbani.

Nyumbani kwake kulikuwa ghorofa ya nne. Siku tatu za kwanza alilala tu. Siku ya nne aliamshwa na wimbo jikoni. Mkewe alikuwa anaimba. Tangu msiba mwanamke yule alikuwa akipika kwa kimya, anakula vijiko viwili, anaosha vyombo kwa kimya. Sasa alikuwa amejitanda kanga mpya na anaimba, huku kila baada ya muda akinyamaza na kuinua uso darini, anatabasamu, kisha anaendelea.

Taratibu akasimama mlangoni. Harufu ya dawa ya kikohozi ilikuwa imejaa jiko. Juu, ndani ya dari, mtu alikuwa anapumua kwa shida.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu uliporudi." Mkewe hakuacha kukata vitunguu. "Usimfukuze, baba nanihii. Nakuomba."

"Si yeye, mke wangu. Kile kitu kilitaka watu mia moja na hamsini. Mama yetu alikuwa anaogopa hata bembea."

"Najua si yeye." Akaweka kisu chini. "Mimi ndiye niliyemshika mkono mpaka ukapoa, utaniambia mimi? Najua. Lakini bora jini mwenye sauti yake kuliko nyumba hii kimya."

Hakumfukuza. Usiseme alikuwa mdhaifu. Ukimya wa nyumba ile aliujua. Akakaa, na akala chakula kitamu, na wote wawili wakasikiliza dari. Wakaishi hivyo kwa wiki moja, wanaongea kwa kunong'ona, kama watu wenye mtoto aliyelala.

Jumamosi mchana Taratibu alirudi kutoka dukani akamkuta mkewe kwenye roshani, anaanika nguo. Beseni lilikuwa limejaa bado. Mwanamke alikuwa amepanda juu ya stuli, kisha goti moja ameliweka kwenye ukingo wa roshani, mkono mmoja ameunyoosha angani kama anayemfikia mtu kwenye ghorofa ya juu, na jengo lile halikuwa na ghorofa ya tano. Chini kabisa watoto walikuwa wanacheza mpira kati ya magari. "Kidogo tu, mama," sauti ilikuwa inambembeleza, "nyoosha mkono," na mkewe alikuwa anacheka kidogo kidogo, machozi yanamtoka, anasema, "Nakuja, mwanangu, ngoja, nakuja," na goti la pili lilikuwa limeshaacha stuli wakati mumewe alipomkumbatia kiunoni, wakaanguka wote wawili juu ya nguo mbichi.

Walilala pale muda mrefu, wameshikana.

"Mpigie Mama Mdogo," mkewe alisema hatimaye.

Mama Mdogo, mdogo wake mama mzazi wa mkewe, alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya wajukuu wa mtaa wake aliwapokea yeye, na watu walijua kwamba alikuwa na kazi nyingine isiyoandikwa kwenye pensheni yake. Alifika siku ya pili yake saa sita, anatweta.

"Ngazi zote hizi," alisema akijipepea na leso. "Na huyo jini hakuchoka?"

Lakini alipoingia chumba cha mtoto hakutania tena. Alifungua mapazia. Aliweka kaa la moto kwenye kibakuli, akalitupia ubani, akakaa kwenye kitanda kidogo chenye shuka la ndege wa manjano. Alisikiliza dari kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha, kama alivyokuwa akisikiliza matumbo ya wajawazito.

"Ulimlilia huko angani?" alimwuliza Taratibu.

"Ndiyo, mama. Niliporudi kazini. Kila rubani mwenzangu akitoka kwenda msalani, nilikuwa nalia. Namwita."

"Basi alikusikia asiyehusika. Hawa hawana sauti, mwanangu. Wanaazima ya kichwani mwa anayewaita. Ulimwita mtoto mahali ambapo hakuna watu, na mtu akaitika." Akamgeukia mpwa wake. "Na wewe ukampa chakula. Sikulaumu. Ningekuwa na miaka yako ningempa pia."

"Utamtoa?" Taratibu aliuliza.

"Siwezi kumkana mtoto nisiyemzaa. Utamkana wewe. Mwambie mara tatu: wewe si mwanangu. Ataondoka na alichokivaa. Usimzuie, usimwite tena."

Mkewe akafungua kabati, akatoa gauni ambalo mtoto alilivaa siku ya mwisho, akaliweka mapajani tayari kulitoa.

Taratibu akasimama katikati ya chumba. Pumzi ilishuka kutoka darini, ikaja ikasimama mbele yake, kwenye kimo cha kiuno chake hasa.

"Wewe si mwanangu," alisema.

"Baba. Ni mimi. Ni mimi mama."

Mkewe akaficha uso kwenye gauni.

"Wewe si mwanangu."

Na hapo kile kitu kikafanya ukatili wake wa mwisho: kikaanza kufa. Kikahema kama mtoto alivyohema mchana ule wodini, saa ambayo baba yake alikuwa juu ya mawingu akinywa kahawa, kikakohoa, kikavuta hewa isiyoingia, kikauliza kwa sauti iliyobakia nyuzi tu, "Baba yuko wapi?" na mkewe akalia "Ndivyo ilivyokuwa, ndivyo hivyo hivyo ilivyokuwa," na Taratibu akajua kwamba anaonyeshwa kile alichokikosa, kwamba kwa mara ya kwanza yuko karibu na kitanda kwa wakati wake, na kwamba kitu pekee ambacho binti yake alikuwa anakihitaji saa ile, baba kusema niko hapa, ndicho kitu pekee ambacho sasa haruhusiwi kukisema.

Alijikaza mpaka meno yakalia.

"Wewe si mwanangu."

Pumzi ilivutwa mara moja, ndefu. Haikurudi. Harufu ya dawa ikakatika, ikabaki ya ubani peke yake. Mama Mdogo akasubiri, kisha akamwaga maji kwenye kaa.

"Kimetoka," alisema.

Gauni lilikuwa bado liko mapajani mwa mkewe. Wakalitazama wote, wakasubiri. Hakuna aliyelichukua.

Nyumba ikatulia. Wiki kadhaa zikapita, wakaanza kulala, wakaanza hata kumwongelea mtoto kwa sauti ya kawaida: jinsi alivyokuwa anakataa viatu, jinsi alivyomwita Sindano "yule dada kalamu." Taratibu aliona kuna kitu kimelegea kichwani mwake, kama jino linalocheza, lakini hakujua ni lipi.

Jioni moja mkewe akaketi karibu naye kwenye kochi, simu mkononi. "Sasa naweza," alisema. "Nilirekodi siku moja akiwa anaoga. Sijawahi kuifungua tangu siku ile." Akabonyeza.

Mtoto wa kike alikuwa anaimba na kurusha maji. Alicheka. Alisema, "Mama, usimwambie baba nimemaliza sabuni." Mkewe alikuwa anatetemeka kwa kilio na kicheko pamoja, amemshika mkono.

Taratibu alisikiliza. Alisikiliza maneno, alisikiliza kicheko, akakitafutia ndani yake mahali pa kukiweka, akatafuta kila chumba, asipate. Ilikuwa sauti nzuri. Ilikuwa sauti ya mtoto wa watu.

"Unamsikia?" mkewe aliuliza. "Ni yeye, eti? Ni yeye mwenyewe."

"Ni yeye," Taratibu alisema.

Akamwomba airudie. Mkewe akairudia, na yeye akainamisha kichwa, akasikiliza kwa heshima, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni.